Ubingwa wa 2020 ni ubingwa kamili, na gharama yake walilipa wachezaji

Naomba niseme mapema kabisa nisije nikazunguka: ubingwa wa Melbourne Vixens wa mwaka 2020 ni ubingwa kamili. Kila mjadala wa mpira wa pete ukifika kwenye msimu ule wa Super Netball, ligi ya kulipwa ya Australia, lazima atokee mtu aseme "ah, ule si wa korona", yani kama vile kombe liliokotwa njiani. Nimelisikia hilo mpaka limenichosha, na leo nataka niliongee kwa urefu maana mimi naona kinyume chake, ule ndo msimu uliokuwa mgumu kuliko yote kuushinda. Na kuna kitu kingine nyuma yake kinaniuma zaidi, nacho ni jinsi wachezaji walivyoubeba msimu mzima mabegani mwao huku kwenye uamuzi mkubwa wa ndani ya uwanja hakuna aliyewauliza.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Julai 2019 Kombe la Dunia lilichezwa Liverpool, New Zealand wakaifunga Australia 52–51 kwenye fainali, goli moja tu, watu wakapagawa. Na kwetu Waafrika ile mashindano ilikuwa tamu kwa namna yake: Afrika Kusini ya 4, Malawi ya 6, Uganda ya 7, Zimbabwe waliokuja kwa mara ya kwanza kabisa wakamaliza wa 8. Kwenye nane bora ya dunia, nne zinatoka Afrika! Kwaiyo 2020 ulikuwa mwaka ambao kila ligi ilikuwa inausubiri kwa hamu, mashabiki wapya wapo, televisheni zimeanza kuangalia upande huu, wasichana wadogo wana majina ya kuyataja wakiulizwa wanataka kuwa kama nani.

England wakaanza ligi yao ya Superleague mwezi Februari 2020 pale Birmingham. New Zealand wakaanza ya kwao, ANZ Premiership, Machi 15, wakacheza raundi moja. Australia walikuwa waanze Mei 2. Afu dunia ikafungwa.

Hapa nataka mtu asiyecheza netiboli aelewe kitu kimoja. Huu mchezo haugusani kama raga, sawa, sheria inakataza, anaekaba lazima akae umbali wa mita 0.9 kutoka kwa mwenye mpira. Lakini watu wanaosikia "hakuna kugusana" wanadhani wachezaji wako mbali mbali, na hiyo sio kweli hata kidogo. Kabla mpira haujafika, beki amekuganda bega kwa bega, unamsikia anavyohema shingoni, mnagombania nafasi ya nusu hatua ndani ya lile duara la kufungia. Afu mpira wenyewe huwezi kukaa nao zaidi ya sekunde 3, kwaiyo ndani ya dakika moja umeshapita kwenye mikono ya watu kibao. Kwa ugonjwa unaoenda kwa pumzi, na siku zile tulikuwa tunaogopa hata vitu vya kushika, huo ni mchezo mbaya kabisa. England waliporudisha mchezo kwa klabu za kawaida ilibidi wabadilishe sheria zenyewe, umbali wa kukaba ukatoka futi 3 ukawa futi 4, na kule kumganda mtu ambae hana mpira wakakuondoa. Mtu yoyote aliyewahi kuvaa bibu ya GD au WD, yani herufi za kifuani za mabeki, anajua kwamba ukimwondolea hilo umemwondolea nusu ya kazi yake. Walikubali kwa sababu mbadala ulikuwa ni kutocheza kabisa.

Sasa ligi tatu, ugonjwa mmoja, na kila moja ikachukua njia yake.

England walifuta. Mei 2020 msimu ukatangazwa umekwisha, matokeo hayahesabiki, bingwa hakuna. Manchester Thunder waliokuwa wamechukua 2019 wakabaki mabingwa wa mwisho tu, bila kutetea na bila kupokonywa. Naelewa kwanini ilifanyika hivo, ligi ile wachezaji wake wengi wana kazi nyingine za kuwaingizia kipato, kumbi ni za kukodi, pesa ya kuwaweka watu hotelini miezi mitatu ilikuwa haipo. Na kuna wengine nchi iliwahitaji kwenye kazi zao zaidi ya uwanjani. Layla Guscoth, beki wa timu ya taifa ya England, ni daktari kwa taaluma, na mwaka ule alikuwa hospitali anahudumia wagonjwa. Mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu raundi ya nne?

Ila naelewa na bado naumia. Mchezaji wa netiboli wa kulipwa hana misimu kumi na tano kama kipa wa mpira wa miguu. Magoti na vifundo vya miguu vinachoka mapema kwa sababu mchezo wenyewe ni kuruka na kutua na kusimama ghafla, hatua ya pili huruhusiwi. Ukimfutia mtu msimu wake mmoja akiwa na miaka 29 au 30 umemkatia kipande kikubwa cha maisha yake ya uwanjani, na hakuna mtu atakaemrudishia.

New Zealand wao walipambana wakarudi haraka, Juni 19 mpira ulikuwa unachezwa tena. Waliiweka ligi nzima sehemu moja, Auckland, kwenye kituo cha netiboli cha pale pale, robo nne za kila mechi zikapunguzwa kutoka dakika 15 mpaka 12 ili wachezaji waweze kuhimili mechi zilizobanana, na sare ikaruhusiwa. Nakumbuka nilivyoiangalia kwa njaa, mechi yoyote, timu yoyote, hata kama sijui nusu ya majina. Nilikuwa nakaa macho saa ambazo mtu mwenye akili zake amelala. Afu mwezi Agosti ugonjwa ukarudi Auckland, mji ukafungwa tena, na fainali ikabidi ihamishwe ipelekwe Invercargill, mwisho kabisa wa kusini mwa nchi. Central Pulse wakawafunga Mainland Tactix 43–31, Agosti 23. Pulse walikuwa mabingwa watetezi kwaiyo hakuna aliyeshangaa sana, ila angalia hiyo safari, ligi imeanza, imesimama, imerudi, imebanwa mji mmoja, imekimbizwa mji mwingine na bado bingwa amepatikana uwanjani.

Australia ndo nataka nikae nao zaidi.

Super Netball watu wengi wanaiona ndo ligi bora ya netiboli duniani na mimi nakubali. Timu 8: Vixens na Collingwood Magpies wote wa Melbourne, Swifts na Giants wa Sydney, Firebirds wa Brisbane, Lightning wa Sunshine Coast, Thunderbirds wa Adelaide na Fever wa Perth. Lakini ukubwa wa jina na ukubwa wa mfuko ni vitu viwili tofauti. Mkataba wao wa televisheni wa wakati ule haukuwa ule wa kulipwa donge mwanzoni kama ligi za wanaume, ulikuwa wa kugawana mapato ya matangazo ya biashara. Maana yake mechi zisipochezwa hakuna matangazo, matangazo yasipokuwepo hakuna pesa ya kugawana, na hakuna akiba kubwa iliyolala benki ikisubiri siku ya shida. Ligi za mpira wa miguu zilivyosimama zilianza kuhesabu hasara. Hii ilikuwa inahesabu miezi ya kuishi.

Na wa kwanza kukatwa wakawa wachezaji. Walikubali kupunguziwa mishahara kwa asilimia 70 wakati ligi imesimama. Asilimia 70, ya mshahara ambao tangu mwanzo haukuwa wa kutajirika. Wanaume wa ligi kubwa za kule nao walikatwa, najua, ila mtu ukimkata kwenye mamilioni anabaki na kitu, na mtu ukimkata kwenye mshahara wa kawaida anabaki anatafuta kodi ya nyumba. Na walikubali, kupitia chama chao, kwa sababu walitaka ligi iwepo mwaka unaofuata.

Sasa sikiliza kilichofuata. Juni 23, wiki chache kabla ya msimu kuanza upya, ligi ikatangaza sheria mpya, Super Shot. Inafanya kazi hivi: dakika 5 za mwisho za kila robo, goli likifungwa kutoka sehemu ya nje ya duara, yani umbali wa kuanzia mita 3 mpaka mita 4.9 ambapo duara linaishia, linahesabika pointi 2 badala ya 1. Netiboli imeishi miaka yote goli ni goli, ufunge ukiwa chini ya nguzo ufunge ukiwa ukingoni, ni moja. Hii ilikuwa kugusa moyo wa mchezo. Na wachezaji hawakushirikishwa. Chama chao kilisema wazi kwamba hawakuulizwa, wengi wao walizipata habari karibu sawa na mimi na wewe.

Watu walikasirika, mitandao iliwaka moto, na ubishi wenyewe ukageuka ukawa wa je sheria ni nzuri au mbaya. Mimi nadhani swali lilikuwa lingine. Sheria inaweza kuwa nzuri, inaweza kuleta msisimko, kweli kabisa kuna mechi zilizogeuka ndani ya dakika mbili na mtu ukashindwa kukaa kwenye kiti. Ila kuna watu ambao wametoka kukubali asilimia 70 ikatwe, watu ambao uko karibu kuwaomba wahame makwao, na mtu wa namna hiyo unambadilishia kazi yake bila kumuuliza? Mfungaji aliyejenga mwili na mbinu zake miaka kumi kwa ajili ya kupokea mpira wa juu chini ya nguzo, unamwambia wiki chache kabla ya mechi kwamba dakika 20 kati ya 60 kipaji chake kina thamani ya nusu.

Na angalia ni wafungaji gani hao. Jhaniele Fowler wa Jamaika alikuwa Fever, mrefu wa karibu mita 2, mpira ukimfikia mikononi hesabu goli. Peace Proscovia, nahodha wa Uganda, alikuwa Lightning, nae ni wa kushika nafasi chini ya goli na kupokea. Hawa wametoka mbali kuja kuajiriwa kwa kazi hiyo hiyo moja ambayo sheria mpya iliishusha bei. Kocha wa Lightning kwenye benchi na uwanjani ana Steph Wood na Cara Koenen, Wood anafunga toka mbali kama anaweka kitu kabatini, saa ya Super Shot ikilia wewe ungempanga nani? Sisemi kuna mtu alikaa akapanga kuwaumiza wageni. Nasema wageni ndo walioumia, na kama wangeulizwa wangelisema hilo mapema.

Halafu ikaja kambi.

Msimu ulikuwa umepangwa kuanza upya Agosti 1. Mwezi Julai ugonjwa ukalipuka Melbourne, majimbo mengine yakafunga mipaka, ikawa wazi kwamba hakuna kucheza nyumbani na ugenini kama kawaida. Vixens na Magpies ikabidi waondoke haraka haraka waende Queensland, na mwishowe timu zote za nje zikahamia huko. Msimu mzima ukachezwa Queensland, Brisbane na Sunshine Coast kwa sehemu kubwa, na mechi nyingine zikapelekwa Cairns kaskazini. Na hawakupunguza! Hapa ndo wale wa "msimu wa korona" huwa nawauliza kama wanajua. Raundi zote 14 zilichezwa, mechi zote 60 ukijumlisha za mtoano, hakuna hata moja iliyokatwa kwenye ratiba, ila zilibanwa mpaka katikati ya wiki watu wanacheza. Kubadilisha wachezaji nako kukaruhusiwa muda wowote mpira ukiendelea, badala ya kusubiri robo iishe au mtu aumie, na bila hiyo sijui miguu ya watu ingefikaje Oktoba.

Vixens walikaa kambini zaidi ya miezi mitatu. Wachezaji wa netiboli ni watu wenye waume na wapenzi na wazazi wagonjwa, wengine wanasoma, wengine wana kazi pembeni ambazo mwajiri wake anataka kujua unarudi lini, na jibu ni sijui. Unafanya mazoezi na watu wale wale, unakula nao, unalala nao ukuta mmoja, ukigombana na mtu mazoezini huna pa kwenda kupumua. Mechi ukifungwa hurudi kwako ukafunga mlango, unarudi kwenye korido ile ile ya kambi ambapo kila anaekutana nawe ameiangalia ile mechi. Na ukipiga simu nyumbani unasikia kwamba Melbourne hakutoki mtu baada ya saa 2 usiku, hakuna kwenda zaidi ya kilomita 5 toka nyumbani, bibi yuko peke yake. Lokdauni ile ya Melbourne ilidumu siku 112. Kwaiyo hawa walikuwa na uhuru ambao familia zao hazina, na mimi naamini kabisa huo nao ni mzigo, kuwa sehemu salama wakati wako hawako salama, afu unatakiwa uingie uwanjani ucheke na kamera.

Nifikirie tena wageni. Australia ilifunga mipaka yake kwa watu wa nje tangu Machi 20, 2020. Mwai Kumwenda wa Malawi yuko Vixens, Proscovia yuko Lightning pamoja na Phumza Maweni na Karla Pretorius wa Afrika Kusini, Fowler yuko Fever, Shamera Sterling yuko Thunderbirds, nae Mjamaika. Mchezaji wa Melbourne aliyeko kambini Brisbane ana matumaini kwamba mpaka wa jimbo utafunguka. Mchezaji wa Malawi anaangalia mpaka wa nchi, ndege hamna, na akitoka hajui kama ataruhusiwa kurudi kwenye mkataba wake. Kumwenda kwa wanaomjua ni furaha tupu uwanjani, anaruka anageuka hewani anafunga kutoka pembe ambayo kocha wa shule angekukemea, na nilikuwa nikimwangalia msimu ule najiuliza huyu binti nguvu ya kucheka hivi anaitoa wapi.

Vixens walimaliza wakiwa wa kwanza kwenye msimamo. Haikuwa bahati. Walikuwa na Kate Moloney na Liz Watson pale katikati, na ukiwa na wawili hao mpira unatembea wenyewe. Nyuma Emily Mannix na Jo Weston, ukuta. Kocha Simone McKinnis, mtu asiyepiga kelele nyingi. Ila nikiulizwa kwanini hasa walishinda nasema ni kwa sababu timu iliyonyimwa nyumbani mapema kuliko wote ndo iliyojifunza mapema kuliko wote kuishi bila nyumbani. Hayo ni mawazo yangu, mwingine atasema ni kikosi tu.

Fainali ilikuwa Oktoba 18, Brisbane, dhidi ya West Coast Fever. Hii mechi mtu akiwa na muda aitafute aiangalie yote, asiangalie vipande. Fever wanampandishia Fowler mpira juu, juu, juu, Mannix anakwenda nae hewani, anapata mmoja anakosa mitatu, na anarudi tena. Zile dakika 5 za mwisho za kila robo mapigo ya moyo yanabadilika maana unajua hesabu yoyote inaweza kupinduka. Timu zinafuatana goli kwa goli. Ikaisha 66–64.

Tofauti ya pointi 2. Yani Super Shot moja. Ubingwa wa mwaka mzima, kambi ya miezi mitatu, na kilichowatenganisha kinalingana na thamani ya mpira mmoja chini ya ile sheria ambayo hakuna mchezaji aliyeulizwa kama anaitaka. Sisemi Vixens wamebebwa na sheria, wote walicheza kwa sheria moja na wote walikuwa na saa ile ile ukutani. Nasema Fever nao walipoteza mechi ile wakiwa wamecheza kwa mtindo wao, wa kumwamini Fowler chini ya nguzo, na walikaribia kiasi hicho. Hilo nalo lina heshima yake.

Kwa Vixens lilikuwa kombe la kwanza tangu 2014. Caitlin Thwaites, mfungaji wao mkongwe, akastaafu akiwa bingwa. Na mji wao siku ile bado umefungwa, hakuna mtu wa kwenda kupokea timu uwanja wa ndege, hakuna barabara ya kupita na kombe, watu wamelishangilia sebuleni kwao. Sasa mtu aniambie hilo kombe ni jepesi. Jepesi kuliko la timu iliyocheza nusu ya mechi zake nyumbani mbele ya watu wake, ikalala kitandani kwake kila baada ya mechi?

Watu wengi wanadhani 2021 mambo yalikuwa yamekaa sawa. Hayakukaa. England walirudi na msimu mzima, timu 11, milango imefungwa kwa sehemu kubwa, mechi zikianzia kwenye studio pale Wakefield afu zikahamia Copper Box Arena London. Na hapo nikapata kitu ambacho sikukitegemea: sauti. Ukumbi mtupu, kamera karibu, unasikia kila kitu. Unasikia beki wa nyuma anavyowaongoza wenzake bila kukoma, kushoto, nyuma yako, mwachie, mimi ninae. Unasikia raba zinavyolia kwenye sakafu, unasikia mpira unavyogonga kiganja. Mimi nimeangalia netiboli miaka mingi na sikuwahi kujua GK, yani yule beki wa mwisho anaelinda goli, anaongea kiasi kile. Loughborough Lightning wakachukua, mara yao ya kwanza, wakiwafunga Team Bath kwenye fainali, wakiwa na Mary Cholhok wa Uganda pale mbele. Nilifurahi sana siku ile, acha tu.

Australia nao 2021 walianza vizuri, mashabiki wakarudi, afu mwishoni ugonjwa ukafumuka Sydney na Melbourne na timu zikaanza tena kukimbia mipaka na mabegi. Fainali ikawa ni Swifts na Giants, timu mbili za Sydney, mji mmoja, na ikachezwa Brisbane Agosti 28 kwa sababu kwao hakuchezeki. Swifts 63, Giants 59. Fainali ya watani wa mji mmoja, na mji wenyewe haukuwepo.

Na hasara nyingine zilichelewa kuonekana. Wasps, waliokuwa moja ya timu kubwa za netiboli England, waliondoka kwenye ligi mwisho wa 2022 baada ya klabu mama ya raga kuanguka kifedha. Collingwood walifunga timu yao ya netiboli baada ya msimu wa 2023. Sitasema yote hayo ni korona, klabu ina sababu zake nyingi, ila ligi iliyotoka kwenye miaka miwili ya kambi na kumbi tupu haikuwa na nyama ya kupunguza.

Ndo maana lile sakata la 2023 mimi halikunishangaza. Mikataba ya wachezaji wa Super Netball iliisha mwisho wa Septemba na hakukuwa na makubaliano mapya, wakakaa zaidi ya miezi miwili bila mshahara, wote, mabingwa wa dunia wakiwemo, maana Australia ilikuwa imetoka kuchukua Kombe la Dunia Cape Town miezi michache tu nyuma. Walichokuwa wanadai kwa msimamo kabisa ni kugawana mapato na ligi, wawe wabia. Kulikuwa na watu wakiwaita wana tamaa. Wachezaji hao hao wa asilimia 70! Wale wale waliobeba mabegi Julai 2020 bila kujua watarudi lini! Walishikana, hakuna aliyejitoa akasaini pembeni, na Desemba makubaliano yakapatikana na kipengele cha kugawana mapato kikiwemo. Super Shot yenyewe ilibaki, msimu wa 2024 ilichezwa kama kawaida, na kuna wafungaji vijana sasa hivi ambao hawajawahi kucheza ligi ile bila hiyo sheria. Kipengele cha mapato nacho kipo, na safari hii wachezaji walikuwa mezani tangu mstari wa kwanza unaandikwa.